Tabakelo ya Mfalme

Tarehe 3 Julai 1866, huko Königgrätz, jeshi la Prussia liliishinda Austria. Askari wa Austria alimimina baruti mdomoni mwa mtutu na kushindilia risasi kwa mdeki, huku Mprussia akijaza bunduki yake kwa nyuma, hata akiwa amelala chini. Ufaransa ilishtuka, kwa kuwa maghala yake yalijaa magobore.

Mwaka huohuo ikachagua bunduki mpya, Chassepot, lakini viwanda havikutosheleza jeshi zima. Kuanzia 1867 magobore yakakatwa nyuma ya mtutu na kuwekwa kifuniko cha chuma chenye bawaba, kinachofunguka upande wa kulia. Kwa umbo lake kikaitwa tabatière, yaani tabakelo ya ugoro. Baada ya vita vya 1870 na 1871, ambamo Ufaransa ilishindwa na Prussia, silaha hizo zilikuwa zimepitwa na wakati.

Mafundi wa Liège, Ubelgiji, ndio waliozipa kazi ya pili. Tundu la mtutu lilikuwa na upana wa karibu milimita 18. Walipokwangua mifereji ya ndani hadi ikalainika, walifikia kipimo cha 12, kama milimita 18.5, cha bunduki za marisau. Ubao mrefu ulioshika mtutu ukafupishwa. Nyingi zikauzwa Marekani kwa bei nafuu kwa jina la Zulu, jina la biashara tu, na mkulima asiyemudu bunduki ya mitutu miwili akapata ya kuwindia.

Leo anayetaka kuitambua bunduki ya Zulu huanza na kifuniko cha kulia, kisha hutafuta muhuri wa Liège: herufi ELG na nyota ndani ya duara lenye umbo la yai. Ukikosa taji juu yake, ulipigwa kabla ya 1893. Mwishowe hutazama bamba la kifyatulio, ambapo baadhi bado zina jina la kiwanda cha jeshi, kama Châtellerault au Saint-Étienne, pamoja na kifupisho cha neno Impériale, yaani ya dola ya kifalme.

Dola hiyo ya Napoléon III, mfalme wa Ufaransa, ilianguka tarehe 4 Septemba 1870. Maandishi yake yalibaki porini, mikononi mwa mwindaji wa ndege. Kwa hiyo ukirithi bunduki ya namna hii, tafadhali usiipige msasa ing'ae. Kutu ifutwe taratibu kwa mafuta na kitambaa, maana alama hizo nyembamba ndizo shahada yake ya kuzaliwa, na zikishasuguliwa hazirudi.