Saratani Iliyoshindwa Kupanda Kitonga

Basi litokalo Dar es Salaam kwenda Iringa huingia Wilaya ya Kilolo likiwa bado ndani ya joto. Ruaha Mbuyuni ni nchi ya mibuyu na vitunguu, na wauzaji huyakimbilia madirisha wakiwa na mifuko mikononi huku abiria wakijipepea. Kisha Mlima Kitonga unaanza. Malori yanajikokota kwenye kona, masikio yanaziba, na basi likifika Ilula, penye matenga ya nyanya kando ya lami, watu wameshaanza kutafuta makoti. Anayeendelea hadi Kidabaga hukuta ukungu na misonobari. Bonde halifiki mita 700 juu ya usawa wa bahari, na vilima vinapita mita 1,600, yote ndani ya wilaya moja.

Miaka sitini na kitu iliyopita, mpando wa namna hii ulikuwa swali la kitabibu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa na jicho moja tu zima, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwangalie mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Wiki chache baadaye alimkuta mwingine wa aina hiyohiyo Jinja. Mwaka 1958 aliandika habari zao katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na dunia haikushtuka.

Yeye hakutulia. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru wa Tanganyika, aliondoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, ndani ya gari kuukuu. Kwa wiki kumi walikwenda maili zipatazo 10,000, wakapita Tanganyika na Nyasaland hadi Afrika Kusini, wakisimama katika hospitali za serikali na za misheni. Kazi yao ilikuwa nyepesi kiasi cha kuchekesha: walitoa picha za watoto wenye taya zilizovimba na kuuliza, "Mmewahi kumwona mtoto kama huyu?" Jibu liliingia kwenye ramani. Maabara zenye fedha nyingi hazikuwa na kifaa cha kushinda swali hilo.

Ramani ilionyesha jambo la ajabu. Karibu na Ikweta uvimbe ule uliishia kwenye mwinuko wa futi 5,000 hivi, na kadiri walivyokwenda kusini mpaka huo ulizidi kushuka. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi aliyekuwa Entebbe, aliitazama ramani akaona kwamba kinachopimwa si urefu wa mlima. Ni baridi na mvua. Uvimbe ulikaa mahali ambapo hata mwezi wa baridi joto halishuki sana chini ya nyuzi 16 na mvua inatosha, yaani mahali pa mbu. Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita vikali, uvimbe huo ulikuwa hauonekani. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake mjini London waliona kirusi kipya ndani ya seli zilizotoka kwa mgonjwa wa Uganda. Hivi leo kirusi hicho na malaria hutajwa pamoja kama chanzo cha saratani ya Burkitt.

Kwa kipimo hicho Kilolo ina pande zote mbili za mstari. Ruaha Mbuyuni iko upande wa mbu, Kidabaga upande wa baridi, na Kitonga iko katikati kama kizuizi cha barabarani.

Lakini ipo saratani nyingine, iliyowapata watoto pia, ambayo haikujali mlima. Moritz Kaposi aliieleza Vienna mwaka 1872 kama ugonjwa wa wazee: madoa ya zambarau miguuni, yanayokwenda polepole. Afrika Mashariki na Kongo ilikuwa na sura nyingine, hata mwaka 1961 kukafanyika mkutano wa kimataifa Kampala kwa ajili yake peke yake. Mwaka 1969 madaktari walichapisha habari za wagonjwa 117 wa Tanzania Bara, na mwaka uliofuata wakachapisha za watoto 51 wa Afrika Mashariki. Kwa watoto madoa ya ngozi yalikuwa machache au hayapo kabisa. Tezi za shingo na kinena zilivimba, na mtoto akadhoofika haraka.

Saratani ya Kaposi hutoka katika seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu na ya limfu. Kwa maneno mengine, hapa mishipa ndiyo uvimbe wenyewe. Mwaka 1971, mwaka mmoja tu baada ya ripoti ya wale watoto 51, Judah Folkman, mpasuaji wa watoto wa Boston, alitoa hoja kwamba uvimbe wowote hauwezi kupita milimita chache bila kujivutia mishipa yake ya damu, na kwamba ukiikata mishipa hiyo unaunyima chakula. Wenzake wengi walimpuuza kwa miaka. Hazikukutana mapema, ile hoja ya Boston na zile faili za Afrika Mashariki, na hilo ni hasara.

Dawa ya kutibu Kaposi ilikuwa imeshafika, tena kwa njia ya kando. Mmea wa Bukini wenye maua ya waridi na meupe, unaoota hata kwenye mchanga wa nyua za pwani, ulichunguzwa Canada na Marekani na watu waliotafuta tiba ya kisukari. Kisukari hakikupona, ila chembe nyeupe za damu za wanyama zilipungua. Ndani ya mmea huo zikapatikana vinblastini na vinkristini, na hii ya pili iliruhusiwa Marekani mwaka 1963. Hupigwa kwenye mshipa kwa uangalifu mkubwa, maana ikivuja inaunguza nyama, na mtoto aliyeipata kwa wiki nyingi huweza kuburuza miguu kwa sababu neva zimeguswa. Mulago, Charles Olweny na wenzake waliandika mwaka 1976 juu ya watoto wa Kaposi na jinsi ya kuwatibu kwa dawa.

Baadaye dawa hizo zilikutana na hoja ya Folkman: mwaka 2000 watafiti wa Toronto waliwapa panya wenye uvimbe wa neva wa watoto vinblastini kidogokidogo na mara kwa mara, pamoja na kingamwili ya kuzuia mishipa mipya. Dozi zile ndogo zilionekana kuipiga mishipa ya uvimbe. Dawa mpya za mishipa nazo hazijawa muujiza: bevasizumabu, iliyoruhusiwa mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana ya watu wazima, ilijaribiwa kwa watoto 121 wenye uvimbe mkali wa ubongo, na matokeo ya mwaka 2018 hayakuonyesha nafuu ya ziada.

Mwaka 1994 kirusi cha Kaposi kiligunduliwa, wakati Ukimwi umekwisha kuufanya ugonjwa huo kuwa wa kila siku. Hapa baridi ya nyanda za juu haikumlinda mtu. Utafiti wa 2016 na 2017 ulikuta Iringa ina maambukizi ya VVU ya zaidi ya asilimia 11 kwa watu wazima, zaidi ya mara mbili ya wastani wa taifa. Mtoto mwenye Kaposi hupewa dawa za kufubaza virusi, kisha vinkristini pamoja na bleomisini, au paklitakseli.

Wodi ya saratani ya watoto ilihama kutoka Ocean Road kwenda Muhimbili mwaka 2011, na shirika la Tumaini la Maisha linasaidia matibabu yatolewe bila malipo. Mbeya nayo sasa ina huduma katika hospitali yake ya rufaa ya kanda. Kwa mzazi wa Kidabaga, Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 upande mmoja na Dar ni kama 500 upande wa pili, na matibabu huchukua miezi, mara nyingi katikati ya msimu wa kupanda.