Nipe Kitabu cha Kwetu

Mteja akija mezani kwangu akasema, "Mama, nipe kitabu cha historia ya kwetu," huwa namuuliza kwanza kwao ni wapi. Nauza vitabu vya mtumba hapa Mwanza mjini, hatua chache kutoka Makoroboi, kwenye meza ya mbao iliyofunikwa turubai jeusi. Akijibu kwamba kwao ni Ukerewe, mkono wangu unakwenda wenyewe chini ya meza, kwenye boksi ambalo siliweki juani hata siku moja. Humo ndimo ninamohifadhi Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza. Vijana wakiona unene wake wananitazama kama mtu aliyekosea oda.

"Mama, hii ni hadithi. Mimi nataka historia."

Namvutia ndoo akae. Maneno ninayomwambia kwenye ndoo ile nimeona leo niyaandike, maana mezani huwa nakatizwa na wanaotafuta vitabu vya mitihani.

Historia ya Ukerewe iliyo kwenye vitabu vingi inajaa kwenye kiganja. Kwamba wafanyabiashara wa Kiarabu walikwisha kumtajia msafiri Mwingereza, Speke, ziwa kubwa kwa jina la kisiwa chetu, Ukerewe, kabla hajalifikia mwaka 1858. Kwamba msafiri mwingine, Stanley, alipita mwaka 1875 akapewa mitumbwi na mfalme wa kisiwa, Omukama Rukonge. Kwamba Desemba 1877 wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani katika ugomvi uliomhusisha mfanyabiashara Songoro, naye akafa siku hizo hizo. Kwamba mwaka 1895 Wajerumani walimwondoa Rukonge. Basi. Ukisoma hivyo tu utadhani kisiwa kilikuwa kimelala fofofo, kikiamka kila chombo cha mgeni kinapogonga ufukweni, na mgeni akishaondoka kinarudi kulala.

Mwaka mmoja tu baada ya Rukonge kuondolewa, 1896, alizaliwa Kitereza, mtoto wa ukoo wa kitawala. Alivuka ziwa kwenda kusoma seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akajua Kilatini na lugha nyingine za kigeni, kisha akarudi kisiwani. Angeweza kuandika juu ya Omukama na vita vyake, kwani mambo hayo aliyasikia nyumbani. Alichoandika katika kitabu hiki ni habari ya mume na mke wasio na mtoto. Aliimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, akitiwa moyo na padri rafiki yake, Almas Simard. Aliona desturi za wazee na lugha yenyewe zinawaponyoka vijana, akataka zibaki mahali.

Lakini nani angechapa kitabu kinene namna ile kwa lugha ya watu wa visiwa vichache? Muswada ulikaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika kisiwani Mmarekani mtafiti wa historia, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte, wakamkuta mzee amepindwa na ugonjwa wa viungo. Walimhimiza aigeuze kazi yake kwa Kiswahili, naye akaigeuza mwenyewe, akiwa na zaidi ya miaka 70, kwa vidole vinavyouma. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu kwa tarehe ya 1980. Mwaka 1981 Kitereza akafariki, hajakishika mkononi. Nikilifikia jambo hili huwa nanyamaza kidogo. Miaka 35 ni umri wa mtu mzima mwenye watoto, na kitabu kiliimaliza yote kikisubiri mlangoni.

Sasa, hadithi yenyewe. Ndugu wa mume wanamsimanga Bugonoka kwa kutozaa, wanamshinikiza Myombekere aoe mwingine. Wazazi wa mke, Namwero na Nkwanzi, wanachoka kusikia mtoto wao anatukanwa, wanakuja kumchukua. Myombekere anabaki na mifugo na nyumba iliyopoa. Anampenda mkewe. Anakwenda kwa wakwe, anajishusha, na wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi.

Msomaji wa mjini akifika hapo anapitisha jicho haraka. Pombe tu, atasema. Namzuia hapo hapo, kwa sababu nimekua kwenye kaya iliyokuwa ikitengeneza pombe ile, na najua maana ya faini hiyo. Mjomba wangu alikuwa anachimba shimo, analipasha kwa moto, anatandika majani makavu ya mgomba, anapanga mikungu, kisha anafukia. Siku kadhaa baadaye unafukua, harufu inakupiga usoni, tamu hadi inakera. Ndizi zinamenywa, zinatiwa kwenye hori la mti lililochongwa kama mtumbwi, zinachanganywa na nyasi na kukamuliwa kwa mikono na miguu, mpaka maji yake yanajitenga na kuacha povu la rangi ya maziwa yaliyoungua. Yanachujwa, yanaongezwa maji, unatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, hori linafunikwa majani, na kesho yake linachemka lenyewe bila moto. Ukiweka sikio karibu unalisikia.

Kazi hiyo hakuna mtu anayeifanya peke yake, na hakuna anayeifanya kwa siri. Mikungu ikikatwa mingi shambani, majirani wanaona. Nyasi zinataka wa kuzikata, hori huenda ni la kuazima, mitungi inataka vichwa vya kuibeba hadi kwa wakwe. Mume anayetozwa pesa anaweza kulipa usiku, akatoka na kiburi chake kizima. Anayetozwa pombe lazima apite kwa ndugu zake, ndugu wale wale waliomtukana mkewe, awaombe mkono. Kijiji kizima kinajua kosa ni la nani na linalipwa lini. Kisha deni linanywewa pale pale, na aliyelidai na aliyelilipa wakiwa wameketi pamoja, na kesho yake hakuna kilichobaki cha kudaiana. Kwenye kitabu gani cha tarehe nitampatia kijana wangu sheria hii? Wapo wasomi waliokilaumu kitabu kwamba kinaeleza desturi kupita kiasi, hadithi inatembea kwa mkongojo. Mimi naona mwendo ule ndio mwendo wa mambo yenyewe. Salamu ilikuwa ndefu, basi ameiandika ndefu.

Aliwahi kuja mwanamke mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, mtu mzima. Hakutaka historia, alitaka chochote cha kusoma akiwa anasubiri mzigo. Kwa namna alivyoulizia bei tu nilihisi ana jambo. Nikampa juzuu ya kwanza ya Kitereza. Alirudi baada ya wiki tatu, akasimama upande wangu wa meza, siyo upande wa wateja, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwa mume wake wamekwisha kumwita kila jina. "Huyu Namwero," akasema, "alikuja kumchukua binti yake. Baba yangu aliniambia nivumilie." Hakulia. Alitaka juzuu ya pili, ajue kama Bugonoka atapata mtoto. Sikuwa nayo wakati ule, kwani juzuu ya pili hupatikana kwa shida, na iliyopo mara nyingi ni kopi iliyotolewa kwenye mashine na kushonwa kwa uzi wa gunia. Nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo: mganga Kibuguma anawatibu, na mtoto anazaliwa, Ntulanalwo, kisha binti, Bulihwali. Akaniuliza kama mume aliwahi kuoa wa pili wakati wa kusubiri. Nilimjibu kwamba Myombekere alimfuata yeye. Alitikisa kichwa taratibu, akalipia kitabu kingine ambacho nina hakika hakukihitaji.

Msomaji akishatoka kwa Kitereza, na akiwa Kiingereza anakiweza, namwelekeza kwenye kitabu cha huyo huyo Hartwig, The Art of Survival in East Africa, cha mwaka 1976. Kinahusu Wakerewe na biashara ya masafa marefu kuanzia 1800 hadi 1895, na sehemu kubwa kimejengwa kwa masimulizi ya wazee wa kisiwani, Kitereza akiwemo. Nilikisoma kwa miezi, kamusi pajani. Kitereza anasimama mlangoni pa nyumba anatazama ndani. Hartwig anasimama bandarini anatazama mizigo: pembe za ndovu zikielekea Unyanyembe, huko bara, na pwani, shanga na nguo zikirudi, na maradhi yakirudi pamoja nazo. Kuna jambo moja ndani yake lililonikaa moyoni hadi leo. Anaonesha kwamba mali ile mpya ilipoingia kwa wachache, na magonjwa mapya yakaingia kwa wote, watu walianza kutafuta mkono wa mtu nyuma ya kila msiba. Hofu ya uchawi ikakua. Maana yake hofu ile, ambayo tumeambiwa ni urithi wa mababu tangu dunia kuumbwa, ina umri, na sehemu yake ilipanda mitumbwi pamoja na shanga.

Nilipoifikia sura hiyo nilikifunga kitabu nikatoka nje. Bibi yangu, mzaa mama, alipikia kuni mbichi maisha yake yote kwenye jiko lisilo na dirisha, na macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili iliyoiva. Kanda yetu hii ya ziwa kila mtu anajua macho mekundu ya mwanamke mzee yanasemwaje. Mtoto wa jirani alipofariki, watu waliacha kuchota maji nyuma yake kisimani. Hawakumgusa, namshukuru Mungu. Lakini alikaa miaka yake ya mwisho akiosha macho kwa maji ya chumvi kila asubuhi, akidhani yatageuka meupe. Bakuli la maji hayo nililishika mimi, nikiwa na miaka tisa. Hakuna aliyenieleza wakati ule kwamba moshi ni moshi.

Ndiyo maana mnyororo wangu wa vitabu hauishii kwa Hartwig, unakwenda kwa Gabriel Ruhumbika, naye mtoto wa Ukerewe. Alianza kwa Kiingereza, Village in Uhuru ya mwaka 1969, akikitazama kijiji cha kisiwani uhuru unapokifikia. Baadaye akahamia kwenye Kiswahili moja kwa moja, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akatoa Janga Sugu la Wazawa, riwaya inayoutazama uchawi, au tuseme imani ya uchawi, jinsi inavyokula familia kizazi baada ya kizazi. Tena ni yeye aliyekifasiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza, kikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002, kwa hiyo amekaa na mzee yule neno kwa neno. Kusoma Janga Sugu baada ya Hartwig ni kama kumwona mgonjwa baada ya kusoma cheti chake. Ukikisoma peke yake utapata uchungu mwingi na ufafanuzi kidogo. Ukivisoma vyote viwili, hutamwangalia tena bibi kizee kwa jicho lile.

Nauza pia vya watu wa kwingine, wala sitaki msomaji adhani naivutia Ukerewe kamba. Mtu wa Unguja namtafutia Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, inayowafuata wapakuzi wa bandarini hadi kwenye mgomo mkubwa wa 1948. Nikibahatisha Desturi za Wasuaheli ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, kazi ya mwaka 1903, namhifadhia mtu wa Bagamoyo, nampigia simu. Wao nao wana mlango wao na bandari yao. Ila ninavyovijua kwa ngozi yangu ni hivi vya kisiwani.

Mwaka jana nilipanda meli ya kwenda Nansio, kisiwani, nikiwa na juzuu ya kwanza mfukoni, nikaenda kumsomea mama. Yeye sasa ndiye mwenye macho yale, na maandishi hayaoni. Nilianza pale wazazi wanapofika kumchukua binti yao. Alisikiliza akichambua choroko kwenye ungo, vidole haviachi. Nilipofika kwenye jina la Namwero aliinua uso.

"Huyo Namwero ni wa ukoo gani?"

Nikamwambia, mama, ni mtu wa kitabuni.

"Nakuuliza ukoo. Mtu hawezi kuja kumtoa binti yake kwa mume hivi hivi, bila watu wake kujua. Angalia hapo, kama hakusema, rudi nyuma."

Nikarudi nyuma kurasa tatu, nikaanza upya, polepole zaidi. Mara hii alikuwa ameweka ungo chini.