Bibi Tilly Aston, Mwalimu wa Vipofu

Bibi Tilly Aston alizaliwa mwaka 1873 huko Carisbrook, Australia, akapofuka angali mtoto mdogo. Aliyemfundisha kusoma maandiko ya Braille, yaani nukta zipapaswazo kwa vidole, ni mhubiri kipofu, Thomas James. Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Melbourne, asiweze kumaliza. Si kwa upungufu wa akili, bali vitabu vya nukta havikuwapo. Mwalimu aliyepata kufundisha darasa zima kwa kitabu kimoja atamwelewa. Basi mwaka 1894 akaanzisha chama cha watu wa kujitolea, wapate kunakili vitabu kwa mkono, nukta kwa nukta. Mwaka 1913 akawekwa mkuu wa shule ya vipofu mjini Melbourne, wala si wote waliopendezwa kuongozwa na kipofu. Alishika kazi hiyo hata mwaka 1925, afya ilipomshinda.