Mnyama Akiuzwa, Stori Inaanza

Sisi tuliolelewa na hadithi za Sungura na Fisi hudhani tunajua kila kitu kuhusu wanyama wanaoongea. Sungura ni mjanja, Fisi ni mlafi, Kobe hana haraka, na mwishoni kuna funzo. Ndiyo maana mtu mzima akionekana kwenye matatu akisoma riwaya inayosimuliwa na farasi, abiria wa kando yake watafikiri amechukua kitabu cha mtoto.

Mimi nimezisoma riwaya hizi kwa miaka sasa, na naona hazina undugu wa karibu sana na Sungura. Sungura ni binadamu aliyevaa ngozi. Analima, anaoa, anakopa, anahudhuria mkutano. Zaidi ya yote, hana mwenyewe. Mnyama wa riwaya ninazozizungumzia ana mwenyewe, na huyo mwenyewe anaweza kumuuza kesho asubuhi. Hapo ndipo safari inapoanzia.

Hebu turudi nyuma, hadi karne ya 2. Katika mji wa Madauros, ulioko Algeria ya leo, alizaliwa mwandishi aitwaye Apuleius. Aliandika kwa Kilatini riwaya ya vitabu 11 iitwayo Metamorphoses, ambayo wengi wanaijua kwa jina la The Golden Ass. Ndiyo riwaya pekee ya Kilatini ya zama za Warumi iliyotufikia ikiwa kamili. Yaani mojawapo ya riwaya kongwe kabisa tulizo nazo iliandikwa na mtu wa Afrika Kaskazini, na msimulizi wake ni punda.

Punda huyo alianza akiwa kijana wa familia nzuri, Lucius, mwenye udadisi kuliko akili. Anafika Thessalia, sehemu ya Ugiriki iliyosifika kwa uchawi, akitamani kugeuka ndege. Anapewa kopo la mafuta ambalo silo, anajipaka, na masikio yanaanza kurefuka. Dawa ni rahisi: ale maua ya waridi. Lakini usiku huohuo majambazi wanavamia nyumba, wanamtwika mali waliyoiba na kumswaga hadi mlimani. Kuanzia hapo anapita mikononi mwa wachungaji, makuhani wazururaji, mwenye kinu, mkulima wa mboga, askari, na ndugu wawili wapishi. Waridi analipata kwenye kitabu cha mwisho.

Sehemu inayonirudisha kila mara ni ile ya kinu. Lucius anafungwa macho na kuzungushwa kwenye jiwe la kusagia. Akipata nafasi ya kutazama, anawaona wafanyakazi wenzake: watu waliotiwa chapa kwenye paji la uso, nusu ya kichwa imenyolewa, pingu miguuni, migongo imejaa alama za viboko. Huyu ni kijana aliyekuwa na watumwa wake mwenyewe. Kama angebaki mtu, angekula mkate wake bila kuwaza unga umetoka wapi. Ilibidi awe punda ndiyo aingie humo ndani. Watu wenye kalamu wa zama hizo hawakuwa na sababu ya kuketi kinuni na kueleza kilichomo, na hadi leo wanaoandika historia ya utumwa wa Roma hurudi kwenye kurasa hizo.

Kuna jambo lingine ambalo Apuleius aliligundua mapema. Mbele ya punda, watu husema chochote. Wanapanga wizi, wanakutana na hawara, wanagawana pesa, na hakuna anayeshusha sauti. Lucius mwenyewe anasema kitu kimoja tu kinamfariji katika umbo hilo baya: masikio makubwa. Ukitaka kuelewa utamu wa stori hizi, muulize dada wa kazi au soja wa geti ni mambo mangapi amesikia kwa sababu mwenye nyumba alisahau kwamba yupo.

Sasa turuke hadi Uingereza. Anna Sewell alizaliwa mwaka 1820 huko Great Yarmouth. Akiwa na miaka 14 aliteleza, akaumia vifundo vya miguu, na tangu hapo kutembea kukawa shida kwake. Popote alipotaka kwenda alivutwa na farasi. Uzeeni, akiwa mgonjwa wa kulala kitandani, aliandika kitabu kimoja tu, sehemu nyingine akimsomea mama yake ayaandike maneno. Black Beauty ilitoka mwaka 1877, na Sewell akafariki mwaka 1878, miezi michache baadaye. Ukurasa wa kwanza unadai kwamba yeye ni mfasiri tu. Kitabu kimetafsiriwa kutoka lugha ya farasi.

Safari ya Beauty ni ileile ya Lucius: kutoka mkono huu hadi ule. Kwenye baadhi ya mikono anapewa jina jipya, kana kwamba maisha ya nyuma hayakuwepo. Anaanzia kwenye majani mabichi, anapita kwa matajiri, anafika hadi kuvuta teksi za London. Na kwa kuwa ni yeye anayesimulia, ukatili hauji kama hotuba. Unakuja kama maumivu ya shingo. Matajiri wa wakati huo walipenda kufunga ukanda uliovuta kichwa cha farasi juu, ili aonekane ana madaha mbele ya gari. Aliye ndani ya gari aliona urembo. Beauty anatueleza jinsi ilivyo kupanda mlima ukiwa huruhusiwi kuinamisha kichwa, pumzi zinakatika, mapovu mdomoni.

Lakini kinachonishika zaidi ni mtu mmoja mdogo humo ndani, dereva wa teksi aitwaye Sam. Gari si lake, farasi si wake. Kila siku lazima ampelekee mwenye gari shilingi 18 kabla hajapata senti ya kwanza ya kwake. Anapolaumiwa kwa kuwachosha farasi, anajibu kwamba ana mke na watoto, na hesabu ya tajiri haisubiri. Siku chache baadaye anakufa. Wewe uliyewahi kupanda boda ya jamaa anayemfukuzia mwenye pikipiki hesabu ya jioni, Sam humhitaji kuelezewa. Farasi na dereva wamefungwa kwenye gari moja, na aliyetuuzia haki ya kuwaona wote wawili ni farasi.

Mwaka 1890 George Angell, aliyeanzisha chama cha kutetea wanyama huko Massachusetts, alikichapisha kitabu hicho Marekani na kukiita Uncle Tom's Cabin ya farasi, akimaanisha ile riwaya ya mwaka 1852 iliyopinga utumwa. Ulinganisho huo unaweza kukera, na una haki ya kukera. Ila Angell aliona umbo la stori: maisha yanayohesabiwa kwa wenyewe, si kwa miaka. Jack London alilitumia umbo hilo tena mwaka 1903 katika The Call of the Wild, ambamo mbwa Buck anaibwa nyumbani kwao California na mfanyakazi wa bustani mwenye deni la kamari, kisha anauzwa kwenda kuvuta sleji kwenye theluji ya Klondike wakati wa mbio za dhahabu.

London akapata adui mkubwa. Mwaka 1907 Theodore Roosevelt, akiwa bado rais wa Marekani, aliwashambulia hadharani waandishi aliowaita waghushi wa maumbile, London akiwa mmoja wao. Roosevelt hakuwa akiropoka. Mwandishi mwingine aliyemshambulia, William J. Long, aliwahi kudai kwamba ndege mmoja alijifunga mguu uliovunjika kwa plasta ya udongo. Hiyo ni chumvi. London alijibu mwaka 1908 akitetea hoja kwamba wanyama nao hufikiri, kwa kiasi chao.

Na hapa stori inaingia kwetu. Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kuondoka madarakani, Roosevelt alishuka Mombasa na kupanda reli kwenda bara. Katika msafara huo yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, idadi ambayo yeye mwenyewe aliiorodhesha kitabuni mwake, na vielelezo vingi vikasafirishwa kwenda makumbusho ya Smithsonian. Kile nacho ni kitabu cha safari na wanyama, na kina simba, vifaru na tembo wa kutosha. Tofauti ni nani ameshika usimulizi. Mtu aliyetaka ukweli kuhusu wanyama aliandika ukweli, nao ulikuwa orodha.

Kwa hiyo nikisikia kwamba stori za wanyama ni njia ya kukimbia dunia, nashangaa. Waandishi wa Afrika wa leo wamezitumia kuikaribia. Mkameruni Patrice Nganang, katika Temps de chien ya mwaka 2001, anampa usimulizi mbwa Mboudjak, ambaye mwenyewe amepoteza kazi ya serikali na kufungua baa jijini Yaoundé. Mbwa amelala chini ya meza, mtaa wote unazungumza juu yake. Alain Mabanckou wa Kongo-Brazzaville alishinda tuzo ya Renaudot mwaka 2006 kwa riwaya ambamo nungunungu anauungamia mbuyu mauaji aliyotumwa na bwana wake. Hao wawili walikulia kwenye ngano kama sisi. Waliongeza mwenyewe na amri yake.

Sisi tuna punda. Anavuta mkokoteni wa maji pale mifereji imekauka, anabeba mawe ya ujenzi Lamu, anasimama jua lote. Ngozi yake ikapata soko China, inakochemshwa kutengenezea dawa ya ejiao, na wafugaji wakaanza kuamka asubuhi na kukuta zizi tupu. Mwaka 2020 serikali ilipiga marufuku uchinjaji wa punda, na suala hilo likaishia mahakamani. Magazeti yalituletea bei, mawaziri, mawakili na wafanyabiashara.

Ningependa mtu aiandike riwaya hiyo kwa Kiswahili, kutoka Mwea au Mogotio, ianze usiku zizi linapofunguliwa na mtu asiyejulikana. Punda atasimama kando ya lori gizani, na wanaume wawili watakuwa wanabishana kuhusu bei, kwa sauti ya kawaida kabisa.