Vina na mizani: Hesabu iliyotawala tungo za pwani ya Tanga

Katika utenzi, kila mshororo hupewa mizani 8 na kila ubeti mishororo 4. Mitatu ya kwanza huishia kwa sauti moja, na wa nne hubeba kina kinachorudi hadi mwisho wa utungo. Kwa kanuni hiyo Hemedi bin Abdallah El Buhriy, mshairi wa pwani hiyo, alisimulia upinzani wa Abushiri dhidi ya Wajerumani wa mwaka 1888 na 1889. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, aliifuata katika Utenzi wa Vita vya Uhuru wenye beti 3,000.

Kinachohesabiwa ni silabi, si herufi. "Mbu" ina mizani 2, sawa na "mboga", kwa kuwa m ya mbu hutamkwa peke yake. Anayetaka mizani 3 zenye kina cha "ni" ana Pangani au Tongoni. Akihitaji 4, itambidi aende baharini.

Neno lisipotosha, mtunzi ana ruhusa zake. Inkisari hufupisha, "mwana wangu" ikawa "mwanangu". Mazida huongeza, "afya" ikawa "afiya". Ruhusa hizo zikitumiwa ovyo, msomaji hubaki akikisia maana.

Hesabu hiyo ndiyo iliyozua ubishi mkali miaka ya 1970, hasa Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974 bila kufungwa na vina wala mizani. Wanamapokeo, ambao sheria zao Kaluta Amri Abedi alizichapisha kitabuni mwaka 1954, walisema hayo si mashairi.