Walinzi wa ukuta wa Fenway: Williams hana mpinzani, mzozo uko nafasi ya tatu

MASHABIKI wa besiboli mjini Boston, Marekani, hawaishi kubishana, ila swali la nani alikuwa mdakaji bora zaidi wa upande wa kushoto katika historia ya timu ya Red Sox halijawahi kuwatoa jasho. Jibu ni Ted Williams. Patashika huanza wanaposhuka ngazi kumtafuta wa pili, na hasa wa tatu.

Klabu chache zimebarikiwa katika nafasi moja kama Red Sox. Kuanzia 1940 hadi mwishoni mwa miaka ya themanini, upande huo ulimilikiwa kwa kurithishana na wanaume watatu pekee, na wote watatu wamo katika Jumba la Wachezaji Mashuhuri mjini Cooperstown.

Kwa msomaji aliyezoea kriketi, mdakaji wa kushoto ni mmoja wa wachezaji watatu wanaosimama mbali na mpigaji, tayari kuunyaka mpira kabla haujagusa ardhi. Katika viwanja vingi hiyo ni kazi ya kukimbia tu. Uwanjani Fenway Park, uliofunguliwa Aprili 20, 1912, mambo ni tofauti. Nyuma ya mdakaji huyo kuna ukuta wa kijani wenye kimo cha zaidi ya mita 11, na hauko mbali: ni takriban mita 94 tu kutoka anaposimama mpigaji. Mpira wa juu ambao kwingineko ungedakwa kirahisi, hapa huugonga ukuta na kurudi kwa pembe asizozitarajia mgeni. Kwa hivyo anayelinda upande huo sharti aujue ukuta kama mvuvi aujuavyo mwamba wa bandari yake.

Wa kwanza kuumudu mtihani huo alikuwa Duffy Lewis, aliyeichezea Boston kati ya 1910 na 1917. Wakati huo mbele ya ukuta palikuwa na mwinuko wa udongo wa karibu mita tatu, na Lewis aliupanda mbio huku macho yakiwa angani, hata watu wakauita mwamba wa Duffy. Mwinuko huo ulisawazishwa uwanja ulipokarabatiwa na kufunguliwa upya 1934. Lewis alitwaa ubingwa wa World Series mara tatu, 1912, 1915 na 1916, ufanisi ambao hakuna hata mmoja wa miamba watatu waliomfuata aliyeonja sehemu yake. Katika orodha hii anastahili nafasi ya tano, wala si kwa hisani.

Williams, mzaliwa wa San Diego, alijiunga na kikosi hicho 1939 na kuhamishiwa kushoto mwaka uliofuata. Kudaka hakukuwa hobi yake. Kilichompa ukuu ni gongo. Mnamo 1941 alipata mapigo 185 katika majaribio 456, yaani wastani wa 0.406. Tangu hapo hakuna mchezaji wa Ligi ya American wala National aliyefikisha 0.400 kwa msimu mzima. Siku ya mwisho ya msimu huo, Septemba 28, wastani wake ulikuwa 0.39955, ambao ungehesabiwa kuwa 0.400 kamili lau angeamua kukaa benchi. Alikataa. Akacheza mechi zote mbili za siku hiyo mjini Philadelphia na kupata mapigo sita katika majaribio manane.

Rekodi ya Williams ina mapengo yasiyotokana na uzembe. Alipoteza misimu ya 1943, 1944 na 1945 akitumikia jeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha akaitwa tena na kuruka mara 39 vitani Korea kama rubani wa ndege za kivita. Katika misimu ya 1952 na 1953 alicheza mechi 43 pekee. Hata hivyo alistaafu na homurani 521, yaani mipira aliyoivusha nje ya uwanja, na uwezo wake wa kufika kituoni, wa kiwango cha 0.482, bado haujapikuliwa na yeyote. Homurani ya mwisho aliipiga katika jaribio lake la mwisho, Septemba 28, 1960, mbele ya watazamaji 10,454. Walimshangilia kwa muda mrefu. Hakuwavulia kofia, kwani alikuwa na ugomvi wa miaka mingi nao na waandishi wa Boston.

Doa lake ni fainali. Alicheza World Series moja tu, 1946, akapata wastani wa 0.200 na Boston ikabwagwa na St. Louis Cardinals katika mechi saba.

Carl Yastrzemski, mwana wa wakulima wa viazi wa jimbo la New York, aliingia 1961 katika viatu ambavyo pengine vingemlemea mtu mwingine yeyote. Alidumu misimu 23 na mechi 3,308, zote akiwa Red Sox. Kilele chake ni 1967, alipoongoza Ligi ya American kwa wastani (0.326) na mikimbio aliyoingiza (121), na kufungana kileleni kwa homurani (44). Ilichukua miaka 45 kabla ya Miguel Cabrera wa Detroit Tigers kuurudia ufanisi huo wa mataji matatu 2012. Katika mechi mbili za mwisho dhidi ya Minnesota Twins, ubingwa wa ligi ukiwa hatarini, Yastrzemski alipata mapigo saba kwa majaribio manane.

Kwa udakaji alimwacha Williams mbali. Alitunukiwa Glavu ya Dhahabu mara saba, na hila yake ya kujifanya yuko tayari kudaka mpira ambao alijua utagonga ukuta iliwahadaa wakimbiaji wengi. Iwapo gongo lingewekwa kando, yeye ndiye angekuwa wa kwanza. Lakini gongo haliwezi kuwekwa kando.

Hapo ndipo penye mzozo: Jim Rice au Manny Ramirez?

Rice hawezi kuzungumziwa bila kutaja aibu ya klabu yenyewe. Red Sox ilimfanyia Jackie Robinson majaribio Fenway Aprili 1945 na kumwacha aende; ikawa timu ya mwisho katika ligi kuu kumchezesha mtu mweusi, Pumpsie Green, Julai 1959, miaka 12 baada ya Robinson kuanza kuichezea Brooklyn. Williams mwenyewe, akiingizwa Cooperstown 1966, alitumia hotuba yake kudai Satchel Paige na Josh Gibson wa ligi za weusi nao watambuliwe. Rice, kijana mweusi kutoka South Carolina, alifika 1974. Mnamo 1978 alipiga homurani 46 na kuteuliwa mchezaji bora wa ligi. Alimaliza na homurani 382, lakini wapigakura walimsubirisha hadi 2009, mwaka wake wa 15 na wa mwisho kustahiki. Agosti 1982 mpira ulipompiga kichwani mtoto wa miaka minne jukwaani, Rice ndiye aliyeruka, akambeba na kumkimbiza kwa madaktari.

Ramirez, mzaliwa wa Santo Domingo, alinunuliwa kwa mkataba wa dola milioni 160 na kucheza Boston kati ya 2001 na 2008. Kwa upigaji mtupu alimshinda Rice: wastani wa 0.312 na homurani 274 katika muda usiofika misimu minane. Alikuwa mchezaji bora wa World Series 2004, Boston ilipomaliza ukame wa miaka 86, akatwaa nyingine 2007. Lakini kudaka kwake kulikuwa kichekesho. 2005 aliingia ndani ya mlango wa ukuta wakati wa mapumziko mafupi na nusura mchezo uendelee bila yeye. Baadaye, akiwa ameshahama, aliadhibiwa 2009 kwa dawa zilizopigwa marufuku, na 2011 akaachia ngazi badala ya kutumikia adhabu ya pili.

Nafasi hii ni ya ulinzi pia, na Rice aliusomea ukuta huo kwa bidii hadi akaumudu. Anachukua nafasi ya tatu, Ramirez ya nne, ingawa pengo ni jembamba.

Klabu yenyewe imetoa hukumu yake kimyakimya. Jezi nambari 9 ya Williams, 8 ya Yastrzemski na 14 ya Rice zimestaafishwa. Enzi za Lewis jezi hazikuwa na nambari. Nambari 24 ya Ramirez alipewa mrushaji David Price 2016.