Kundi la Akiba

Mwaka 1996, kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Tasmania, Australia, alipigwa picha shetani wa Tasmania mwenye uvimbe usoni. Shetani huyu ni mnyama mweusi, mla mizoga, abebaye watoto mfukoni kama kangaruu. Uvimbe wake ulikuwa saratani, tena ya kuambukiza: wanyama hawa wakigombea mzoga au jike huumana nyuso, na seli za uvimbe zikahamia kwa mwingine. Katika maeneo yaliyougua muda mrefu idadi yao ilishuka kwa takriban asilimia 80.

Wahifadhi wakakusanya shetani wazima, wakawazalisha mbali na wagonjwa. Wanyama hao kwa Kiingereza huitwa kwa jina la bima, na tayari nasikia wafasiri wakisema “kundi la bima”. Siafiki. Bima hukulipa fedha baada ya hasara. Shetani aliyekwisha hafidiwi kwa hundi.

Nasema kundi la akiba. Mkulima aningʼinizaye mahindi ya mbegu juu ya meko, moshi uyakinge na wadudu, hayali hata njaa ikibisha, na hachagui hindi moja tu. Vivyo hivyo wazalishaji huchunguza nasaba ya kila jozi ili ndugu wasizaane.

Atatokea mtu wa kusema akiba haiozi. Hii huoza. Mnyama anayezaliwa kizimbani kizazi baada ya kizazi huzoea kulishwa, na utofauti wa kinasaba hupungua. Ndiyo maana mwaka 2012 na 2013 shetani 28 waliachiwa katika kisiwa cha Maria, wajitafutie wenyewe. Walistawi, tena kupita kiasi: pengwini wadogo waliokuwa wakizaliana kisiwani humo, jozi zipatazo 3,000 mwaka 2012, waliripotiwa mwaka 2021 kuwa wametoweka. Anayeweka akiba huwa anaiweka mahali, na mahali hapo pana wenyewe.

Je, shetani wa Maria ni wa akiba ilhali hawana kizimba? Naam. Bahari inawatenga na ugonjwa, na wakihitajika hukamatwa. Walioachiwa kisiwa kikuu cha Tasmania ni habari nyingine. Wale wameingia porini, wanachanganyika na wenyeji, wanaumana nao, na baadhi wamegongwa na magari barabarani. Hao istilahi hii haiwahusu tena.